Kiti Kilichobaki Wima

Asubuhi ile Bi Funguo aliweka kiganja juu ya kiti cha baba yake ili akipanguse vumbi, akakikuta kina joto. Lilikuwa joto la mtu aliyekaa kitako muda mrefu akanyanyuka sasa hivi. Na baba yake aliingia kaburini zamani, Bi Funguo mwenyewe akiwa hajaota mvi hata moja.

Akajiambia ni jua la dirishani. Lakini dirisha la ukumbi ule lilitazama machweo, na ndiyo kwanza kulikuwa kunakucha.

Walimwita Bi Funguo kwa kitita cha funguo alichokining'iniza kiunoni, ingawa nyumba haikuwa na kitu cha kumtamanisha mwizi. Ilikuwa nyumba ya maseremala, na mali yake ilikuwa viti. Babu ndiye aliyeanzisha: kila anayezaliwa humo huchongewa kiti chake, na mwingine hakikalii. Picha hakuzitaka. Alisema picha hufifia, ila kiti hushika umbo la mtu. Na mwenye kiti akifa, siku hiyohiyo kiti hulazwa kifudifudi stoo, kisiinuliwe tena. Sababu hakuisema. Wazee wale walikuwa wachoyo wa sababu.

Bi Funguo alizaliwa humo, akakataa posa humo, akazeekea humo. Ndugu zake waliuliza anangojea nini, naye akacheka tu. Mtu hangojei kitu kwao. Alimuuguza baba, akamuuguza mama, akabaki na kaka yake aliyekuwa akija toka mjini na soga zake. Kaka naye akafa. Bi Funguo aliporudi kutoka mazikoni akakuta ukumbini kimesimama kiti kimoja tu, chake. Ukiwa ule ulimshinda. Akafungua stoo, akavitoa vyote, akavisimamisha mahali pake pa zamani, akavipaka mafuta mpaka vikang'aa. Toka hapo kila asubuhi alivizungukia. "Shikamoo baba. Shikamoo mama. Kaka, umeamkaje?" Kisha akavisimulia habari za kijijini. Nani wa kumlaumu? Upweke nao ni ugonjwa, na kila mgonjwa hutafuta dawa yake.

Baada ya joto ikaja harufu, ya nywele zilizoungua zikachanganyika na maranda yaliyolowa. Halafu sauti. Kila kiti mle kilikuwa na mlio wake, na Bi Funguo aliijua yote hata akifumba macho. Jioni moja akiwa jikoni anapepeta unga akasikia mlio wa kiti cha baba, kidogo ukafuata wa kaka, kisha wa mama, taratibu, kama mgeni anayechagua pa kukaa. Ungo ukamponyoka.

Hakumwambia mtu, mpaka alipokuja mtoto wa kaka yake. Binti huyo ndiye damu pekee iliyobaki. Aliolewa mjini, na kiti chake alikwenda nacho. Walikuwa wameketi barazani wanachambua mboga, binti akauliza kwa kucheka kama marehemu baba yake alikuwa na mwanya, kwani ajabu yeye mwenyewe hakumbuki tena, na mwanawe ameota mwanya ambao ukoo wa mume unadai ni wao.

Bi Funguo akafungua mdomo ajibu. Akamtafuta kaka yake moyoni, akaona kiti: miguu, mikono, egemeo. Pale juu panapokaa uso palikuwa patupu, kama ubao uliopigwa randa. Akamkimbilia baba. Patupu. Akamkimbilia mama, na huko akaona macho tu, na kusikia sauti kwa mbali.

"Mwanangu," akanong'ona, "kuna mtu ndani, ananiibia watu wangu."

Binti akaenda kumwita mganga. Siku nyingine zote mganga huyo alikuwa fundi baiskeli, akaja na grisi kwenye kucha, na akagoma kuvuka kizingiti.

"Nani aliviinua?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi."

"Mama, kiti kilichosimama bila mwenyewe ni kama kusema karibu. Umekaribisha jini, naye amekaa. Anakula anachokikuta kitini, sura ya mwenye kiti."

"Zitarudi?"

Mganga akatazama mikono yake. "Kilicholiwa kimeliwa. Tuokoe kilichobaki."

Akamweleza. Aliyeviinua ndiye wa kuvilaza, tena peke yake, na kila kimoja akiambie ukweli kwamba mwenyewe amekufa. Chake asikilaze, maana kulaza kiti cha aliye hai ni kumwombea kifo. Ila akimaliza cha mwisho, palepale akakikalie. "Usikiache wima na kitupu hata kidogo."

Jua likiinama, Bi Funguo akaingia. "Babu, umekufa," akasema, akakilaza. "Baba, umekufa." "Kaka yangu, umekufa." Kila kiti kilipolala, harufu ile ilirudi nyuma na kujikusanya kwenye vilivyosalia, na kila alichokishika kilikuwa kizito kuliko kilichotangulia, mpaka alipofika kwenye kiti cha mama, ambacho zamani alikibeba kwa mkono mmoja, akakivuta kisisogee, akakivuta tena jasho likimtiririka na nywele zikimsisimka, na kutoka kwenye egemeo ikaja sauti ndogo, ya uchovu, ileile iliyomwimbia utotoni, ikisema, "Mwanangu, miguu inaniuma. Niache nikae."

Moyo ukampasuka. Alijua si mama. Alijua pia kwamba akikilaza hataisikia sauti hiyo tena, wala hataikumbuka, kwa kuwa ilikwisha kuliwa.

"Umekufa, mama," akasema, akakilaza.

Harufu ikakatika. Ukumbi ukawa kimya. Hapo ndipo alipotakiwa kuinuka. Lakini alikuwa amepiga magoti sakafuni, shavu kwenye mguu wa kiti cha mama, na kilio alichokikalia miaka yote kikamtoka, kwa kuwa ndiyo kwanza alikuwa amewazika watu wake. Alilia kwa raha. Alilia akajisahau.

Nyuma yake kiti kikalia. Mlio huo hakuwahi kuusikia akiwa hajakikalia, maana kilikuwa chake.

Bi Funguo akatoka nje akijikokota huku akishika kuta. Barazani mganga alimtazama, akamuuliza binti kwa sauti ya chini, "Huyu bibi ni jirani yenu?" Binti akainuka kwa adabu, akitabasamu kama mtu anavyomtabasamia mgeni.

"Shikamoo bibi. Ulikuwa unamsaidia shangazi? Amemaliza?"

"Mwanangu, ni mimi." Akamwonyesha funguo kiunoni.

Binti akaziangalia funguo, akamwangalia usoni, kisha akainamisha macho kwa huruma, kama tunavyowafanyia wazee waliopotewa na akili. Akampisha kwa upole, akaingia ukumbini.

"Shikamoo shangazi," akasikika akisema.

Na kutoka ndani, kwa sauti ambayo Bi Funguo aliijua toka kooni mwake mwenyewe, likaja jibu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."