Kazamoyo Ilivyotoka Safi

Isaka saa sita mchana si mahali pa kutafutia mchumba. Malori yamepanga foleni, madereva wanagombania vivuli, mama lishe wanagombania madereva. Hosiana, binti wa Shinyanga mjini, alikuwa amekwama kwenye hoteli ya wali na samaki akisubiri basi lake lizibwe pancha. Kompyuta yake ilikuwa inakata roho, na soketi pekee ya ukutani ilikuwa imekaliwa na kijana aliyevaa shati la bluu lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

"Kaka, samahani, utamaliza saa ngapi?"

"Nikishakusalimia. Mambo?"

"Poa. Soketi?"

Kijana akacheka, akachomoa waya wake. Halafu macho yake yakaangukia kioo cha Hosiana. "Unafanya takwimu kwa R? Mpaka leo?"

"Na wewe?"

"Python."

"Ndiyo maana umeng'ang'ania soketi tangu asubuhi, kazi haiishi."

Hapo ndipo Mageni, kijana wa soketi, alipokwisha. Mwanamke amchekeshe, halafu awe anaandika lugha za kompyuta, kazi ambayo yeye huifanya kila siku peke yake chumbani! Basi la Hosiana lilipopiga honi, namba za simu zilikuwa zimeshabadilishana zenyewe.

Mapenzi ya simu yakaanza, ya Shinyanga na Geita. "Umekula, mpenzi?" "Nakula sauti yako." Upuuzi mtamu wa namna hiyo. Mradi wa Daktari Herman wa kupima zebaki kwenye maji, alikofanyia kazi Hosiana, ulipohitaji mtu wa kushughulikia majibu ya maabara kule Geita, Hosiana ndiye aliyemtaja Mageni. Mwezi uliofuata Mageni akasema anataka kutuma mshenga. Mshenga angekuwa baba yake mdogo, mzee Makoye, aliyemlea tangu baba yake afariki.

Mzee Makoye alikuwa na mwalo nje kidogo ya Masumbwe, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu kwa zebaki. Uliitwa Kazamoyo. Mradi ulikuwa unapima mialo minne: Baraka, Jaribu, Kazamoyo na Tumaini. Ule ambao maji yake yangekutwa na sumu ungefungwa.

Umeshaona mwiba ulipo. Hosiana naye aliuona, akaukalia kimya, kwa sababu alikuwa anapenda.

Daktari Herman alikuwa mtu wa tahadhari. Aliagiza majina ya mialo yasisafiri pamoja na majibu, wenye mialo wasije wakasikia mambo njiani. Kwa hiyo Mageni angegeuza majina kuwa namba, na Hosiana angeyarudisha huku Shinyanga. Walikubaliana kwenye simu, katikati ya mabusu.

"Tufuate alfabeti," Mageni alisema.

"Tufuate alfabeti, baba watoto."

Basi. Hawakuongeza neno.

Faili likaingia Ijumaa asubuhi. Siku hiyohiyo, kwa basi, likaingia na gunia la mchele mweupe mpya, na ujumbe: *Salamu za baba mdogo kwa mkwe wake.* Mama yake Hosiana akashangilia mpaka majirani wakachungulia. Hosiana akaenda kuendesha hesabu zake huku anaimba.

Majibu yalipotoka akaacha kuimba. Kazamoyo ilikuwa safi kama maji ya mvua. Sumu yote ilikuwa Jaribu, mwalo wa Mama Masele, mjane mwenye watoto watano ambaye siku ya kuchukua sampuli aliwakaangia mihogo. Si hayo tu. Tumaini haikuwa na sampuli hata moja, na rundo zima la sampuli lilikuwa halina jina la mwalo.

Akaligeukia gunia la mchele pale mlangoni, akalitazama kama mtu anayemtazama mgeni asiyemjua. Akapiga simu.

"Mpenzi wa R," Mageni alipokea, lakini sauti yake ilikuwa imechoka.

"Mageni, Kazamoyo ikoje?"

Nyuma ya Mageni mashine ya kusaga mawe ilikuwa inanguruma, na sauti ya mzee ikasikika ikiuliza, "Ni mkwe huyo?"

"Si umeshaona mwenyewe, Hosi," Mageni alisema taratibu.

"Nimeona. Nataka uniambie wewe."

"Siwezi kuzungumzia mambo ya Kazamoyo hapa nilipo. Tafadhali. Nitakupigia."

"Uko kwa baba mdogo?"

"Niko kwake."

Hosiana akakata. Sasa mtu angehitaji ushahidi gani zaidi? Kijana yuko kwa mzee, mzee ametuma mchele, mwalo wa mzee umetakata, na mjane ndiye anayebebeshwa. Akamkumbuka yule kijana wa shati la bluu na kila alichowahi kumwambia, akakipekua upya kimoja kimoja. Hata "nakula sauti yako" ilimchefua. Alilia, akanawa, akaenda ofisini kwa Daktari Herman na kumwambia kwamba majibu yamechezewa.

"Una hakika?" daktari aliuliza. "Huyu si mchumba wako?"

"Ndiyo maana nina hakika."

Jibu baya hilo, lakini lilitosha. Jumamosi Mageni alisimamishwa kazi, akaambiwa pia ni nani aliyemsema. Hakupiga simu. Hosiana naye akasema moyoni: mwizi akikamatwa hupiga simu ya nini?

Jumapili baada ya ibada Daktari Herman alitaka maelezo ya kuonyesha faili lilichezewa wapi. Hosiana akavua kilemba, akalifungua faili lenyewe kwa macho yake, safari hii bila kuiachia R imwekee majina. Akashuka nalo mstari kwa mstari. Sifuri, sifuri, sifuri. Kisha moja. Kisha mbili. Kisha tatu. Faili likaisha.

"Nne iko wapi?" alijiuliza.

Hapo akaelewa. Python huanza kuhesabu na sifuri. R huanza na moja, kama mfugaji anayehesabu ng'ombe wake zizini. Mageni aliipa Baraka sifuri, Jaribu moja, Kazamoyo mbili, Tumaini tatu. Yeye alisubiri moja, mbili, tatu, nne. Baraka ikakosa jina, Jaribu ikaitwa Baraka, Kazamoyo ikavishwa jina la Jaribu, na usafi wa Tumaini akapewa mzee Makoye. Hakuna aliyeiba kitu. Sumu ilikuwa Kazamoyo tangu mwanzo, na aliyetuma majibu hayo ni mtoto wa nyumba hiyohiyo.

Akamrudia Daktari Herman, akasema yote, hata ya aibu. Jumatatu ripoti ikasomwa ilivyo, na Kazamoyo ikafungwa. Mageni alirudishiwa kazi yake. Simu ya Hosiana hakuipokea.

Hosiana akavaa gauni la kitenge cha njano, akapanda basi la Geita. Alimkuta nje ya maabara.

"Umekuja kuhakikisha kama nimeiba na hii?" Mageni alionyesha soda mkononi mwake.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Nilipoona majibu ya Kazamoyo nilijifungia chooni, nikalia kama mtoto. Halafu nikanawa, nikakutumia. Siku ile uliponipigia nilikuwa nimeenda kumwambia mzee, nikashindwa kufungua mdomo. Na wewe hukuniuliza hata mara ya pili."

"Sikuuliza. Nilikupenda, nikaogopa kuwa mjinga."

"Mimi je? Mzee ananiita msaliti. Amekataa kuwa mshenga."

"Basi twende kwake."

"Atakufukuza."

"Anifukuze nikiwa mbele yake."

Mzee Makoye alikuwa ameketi kando ya madimbwi ya mwalo yaliyokauka nusu. Hosiana akapiga magoti kwenye vumbi la njano. "Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia.

"Mageni alituma majibu kama yalivyo," Hosiana alisema. "Mimi ndiye niliyekosea kuyasoma, nikamwita mwizi kabla ya kumuuliza. Kazamoyo ina sumu kweli, baba. Kwa hilo siwezi kukuomba radhi."

"Mchele wangu mlikula?" mzee aliuliza.

"Hatujaufungua. Niliudhania hongo."

Mageni akafumba macho. Mzee akamkodolea binti yule, akacheka kicheko kikavu. "Angalau husemi uongo." Akageuka kuyatazama madimbwi, na sauti ikamshuka. "Wajukuu wangu wanaoga maji haya. Wanakunywa ya kisima kile pale. Hicho kipimo chenu, watoto wanapimwa?"

"Wanapimwa, baba. Nitawapeleka mwenyewe, kesho."

"Wote?"

"Wote."

Mzee akajifuta uso kwa kiganja kilichojaa tope kavu. "Wabeja, mayu," alisema, yaani asante, mama, kwa Kisukuma, na mkono wake ukamwinua Hosiana kutoka mavumbini. Halafu akamgeukia Mageni. "Na wewe unasimama hapo unangoja nini? Unamtaka au humtaki?"

Mageni alimtazama Hosiana, magoti ya gauni la njano yamechafuka, kilemba kimekaa upande.

"Namtaka," alisema. "Lakini bado nimekasirika."

"Kasirikia nyumbani kwako," mzee alisema. "Nitafutieni shati la kwendea Shinyanga."