Torchon ya Mama Perpétue

Kila siku ya posho, ndiyo jumamosi, asubui, Mama Perpétue na binti yake Philomène walikuwa wanashuka toka mutaa wa Mapendo mpaka ziwani kuteka maji ya kuosha kanisa. Philomène alikuwa na miaka kumi na mbili. Kwenye masomo aliitwa Bulonza, juu serikali ya Zaïre ilikataza majina ya kizungu. Lakini nyumbani ni Philomène tu, nani angesikia?

Mama ndiye alikuwa anaosha mimbari. Katika kanisa ile, mwanamuke hapandi pale, isipokuwa akiwa na torchon, kitambaa cha kupangusa, mukononi. Wazee walisema hivyo: kuosha, ndiyo, kuhubiri, hapana.

Sasa sikia. Mama akimaliza kupangusa zile ngazi tatu, bwana yake Papa Léopold, mwinjilisti wa kanisa, anaingia na kufunga mulango. Anaketi benchi ya mbele kama mutoto wa masomo ya primaire. Na Mama, miguu bila viatu, torchon begani, anahubiri! Papa anarudilia polepole mpaka maneno yaingie kichwani, maana kusoma kulimushinda, na Mama alikuwa amesoma kwa wamisionere. Kesho yake, siku ya yenga, ndiyo jumapili, Papa anasema yaleyale, watu wanalia. "Papa Léopold, Mungu alikupa mudomo!" Mama yuko nyuma na wamama, anaitika Amina kama wengine.

Siri ilimushinda Philomène. Akamwambia rafiki yake Julienne, naye Julienne akapeleka kwa babu yake, Muzee Ntirenganya, mukubwa wa wazee.

Siku ya yenga, ibada ikiisha, Muzee akamwita Philomène mbele ya watu wote.

"Mutoto, nasikia mahubiri ni ya mama yako. Ni kweli?"

Papa alitazama chini. Philomène aliona wazi: akisema ndiyo, papa yake anafukuzwa.

"Hapana, muzee. Ni ya papa. Mama anajua kuosha tu."

Watu wakacheka. "Eh, Mama Torchon!"

Mama naye alicheka kidogo. Lakini njiani alitembea mbele, hakugeuka.

"Mama, umekasirika?"

"Uongo wako nimeuelewa, mwanangu, ulikuwa unaokoa papa yako. Lakini ile 'tu,' uliitoa wapi?"

Philomène alimufuata nyuma mpaka nyumbani.

Siku ya posho iliyofuata Papa aliogopa, hakuja. Mama alikuwa anakohoa. Aliosha, kisha akahubiri hivyohivyo, na Philomène peke yake ndiye aliketi benchi ya mbele. Alitaka kuomba musamaha. Badala yake alichukua ndoo. Akajisemea, nitasema posho ingine.

Posho ingine haikufika. Homa ya mapafu ilimukamata Mama siku ya yenga, na siku ya tatu akafariki.

Sanduku yenye mwili wake waliiweka kanisani, chini ya mimbari. Muzee Ntirenganya akasimama: "Tunamushukuru mama huyu. Alikuwa mupishi muzuri, na kanisa ilikuwa safi." Akaketi. Basi, ni hayo.

Philomène akajikuta amesimama.

"Muzee, nilidanganya. Mahubiri yote yalikuwa ya mama. Papa, sema!"

Papa akainuka pole, kama mutu amebeba gunia ya makaa.

"Ni kweli. Miaka kumi na moja. Mimi nilikuwa mudomo, yeye ndiye alikuwa na maneno. Nifukuzeni."

"Wamama wanyamaze kanisani," Muzee akasema. "Imeandikwa."

Kule nyuma, Mama Buhendwa, muuza mukate, akapaaza sauti: "Muzee, Pasaka ulilia mpaka ukapangusa pua na koti! Ulilia kwa maneno ya nani?"

Watu wote wakamugeukia Muzee. Muzee alitazama sanduku. Kisha akauliza, sauti ndogo: "Mutoto, aliacha neno gani la mwisho?"

"Liko kichwani mwangu. Alilihubiri posho iliyopita, nikiwa peke yangu."

"Basi panda."

Philomène akavua viatu. Akapanda zile ngazi tatu, bila torchon. "Wanaume walikuwa wamejifungia ndani," akasema. "Wanawake ndio walitoka kaburini na habari ya kwamba Bwana amefufuka. Wanaume hawakuwaamini. Lakini habari ilikuwa ya kweli."

Papa aliondolewa kwenye kuhubiri. Wazee wakakubali wamama wahubiri yenga moja kwa kila mwezi, na Mama Buhendwa ndiye alianza.

Siku ya posho, Papa aliteka maji yeye mwenyewe. Akapiga magoti, akaosha ngazi. Philomène alikuwa benchi ya mbele, analia.

"Papa, sikumuomba musamaha."

"Hata mimi, mwanangu. Kuvaa kazi ya mwenzako na kunyamaza ni wizi, hata kama ni muke wako. Mutu umupe haki yake akiwa anasikia. Usingoje sanduku."

Akakamua torchon, akaitandika kwenye ngazi ya juu ikauke. Wote wawili wakabaki wanatazama mimbari, na hakuna mutu alihubiri.