Usimsemeshe Ishara

Waliokutanishwa na maua wana bahati yao. Hawa walikutanishwa na viazi. Ilikuwa Ijumaa jioni mjini St. John's, ndani ya duka la samaki na viazi vya kukaanga lililojaa watu hadi vioo vikatoa jasho. Mhudumu akaita, "Arobaini na moja!" na mikono miwili ikashika sahani moja.

"Kaka, hiyo yangu," alisema Dulcie Keeping.

"Dada, hebu soma karatasi yako."

Dulcie akasoma. Kumi na nne. Uso ukamwiva, lakini mkono hakuutoa.

"Njaa haijui hesabu," alisema.

"Wewe ni wa ghuba, wa vijiji vya wavuvi," Selby Rideout akacheka, akilitazama sweta la kijani alilofumiwa Dulcie na mama yake na buti za mpira zilizokuwa bado na magamba ya samaki. "Mjini hatuporani chakula."

"Na wewe ni wa mjini. Hivyo viatu havijawahi kuona tope tangu vizaliwe."

Viatu vilikuwa vyeusi, vinang'aa kama sahani ya sikukuu. Selby akavitazama mwenyewe, akaona aibu, akaisukuma sahani katikati ya meza. Wakala pamoja, mchuzi ukiwachirizika vidoleni, na ile namba kumi na nne ilipoitwa wakaila nayo.

Basi mapenzi yakaanza, na kwa hawa wawili yalianza kwa fujo. Selby alikuwa baharia kwenye meli ya kupeleka mahitaji kwenye mitambo ya mafuta huko nje baharini: mwezi mmoja kazini, mwezi mmoja nyumbani. Ule mwezi wa kazini waliishi kwa simu.

"Umelala?"

"Nimelala."

"Mbona umepokea?"

"Nimepokea usingizini. Sema, kipenzi, kabla sijaamka nikakumbuka una kelele."

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Dulcie hakulifanyia mzaha. Baba yake alichukuliwa na bahari Dulcie alipokuwa na miaka tisa, na hakuna kaburi. Alimwambia Selby mapema, bila kuzunguka: mimi siolewi na mtu wa baharini. Selby akaapa kwamba Mei ikifika ataacha meli, ametafuta kazi bandarini. Mei ikafika. Simu ikalia.

"Nimetia saini, mpenzi. Safari mbili tu, mtu wao ameumia mgongo."

"Umetia saini, au unaniuliza?"

"Nimetia."

"Baba naye alisema siku mbili tu."

"Dulcie, mimi si baba yako."

"Sawa. Basi nenda ukafie huko!"

Akakata. Neno likishatoka halina njia ya kurudi, na hilo alilijua kabla simu haijapoa mkononi. Kiburi kikamzuia kupiga tena. Akafungasha nguo zake, akaenda kupika kwenye nyumba ya wageni kisiwani Little Tinker, mbali sana kaskazini.

Little Tinker unaweza kukizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Kuna mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe, kibanda cha honi ya ukungu inayoonya meli, na nyumba ya zamani ya walinzi wa taa yenye vyumba sita, ambayo sasa ni ya Bi Verna Pardy na wageni wake. Mtandao wa simu unapatikana juu ya jiwe moja tu nyuma ya mnara, na siku nyingine hata hapo haupatikani.

Juni, Bi Verna alikwenda nchi kavu kuchukua wageni, ukungu ukashuka nyuma yake na haukuinuka. Dulcie akabaki peke yake na redio ya jikoni. Siku ya pili redio ikasema meli ya mahitaji imeungua baharini. Watatu hawajapatikana. Majina hayatatajwa hadi jamaa waambiwe.

Alikimbilia lile jiwe, akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena hadi chaji ikamwishia, na kila mara mwanamke yule wa kwenye simu akamjibu kwa sauti ileile tulivu. Yeye si jamaa. Nani angemwambia?

"Nimemuua," alisema kwa sauti, na nyumba nzima ikamsikiliza.

Sasa, kwetu ghubani kuna ishara. Mtu akifa mbali, sura yake huja kumuaga ampendaye kabla habari haijafika. Huja bubu, na mara nyingi huja na nguo usizozijua. Usimsemeshe. Anayemsemesha ishara humfuata kabla mwaka haujaisha. Mama yake Dulcie alimwona mumewe amesimama kando ya jiko, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili kwa sababu alikuwa na mtoto wa kulea. Yuko hai hadi leo. Na hadi leo, akinywa chai peke yake, husema, "Hata jina lake sikumwita."

Na jambo la pili: kwetu hatubishi hodi. Unasukuma mlango wa jikoni, unaingia, unauliza kuna nini chunguni. Mlango wa mbele ni wa padri na jeneza. Nyumba nyingine hata ngazi haina hapo mbele, na hakuna anayelalamika.

Jioni ya siku ya tatu, Dulcie akikanda unga, mlango wa mbele uligongwa. Mara tatu.

Mikono ikaganda ndani ya unga. Honi ikalia nje, ikanyamaza. Akatembea ukumbini akishika ukuta, akachungulia dirishani. Selby alikuwa amesimama kwenye ukungu. Koti lilikuwa jekundu, kubwa, si lake. Nyusi hana. Uso mweupe kama mshumaa. Alipomwona dirishani akafungua mdomo, midomo ikatamka "Dulcie", na hakuna sauti iliyotoka.

Dulcie akaziba mdomo wake kwa mikono yenye unga, kama mama yake. Kisha akavuta pazia.

Ngoja niseme wazi, msije mkamlilia mtu mzima: Selby alikuwa hai. Alikuwa ametolewa motoni, moshi umemla sauti, simu imeungulia melini na namba ya Dulcie ndani yake, maana siku hizi nani anakariri namba? Alitoroka hospitali kwa koti la kuazimwa, akaelekezwa na watu wa kwao Dulcie, akasafiri siku nzima, akambembeleza mvuvi mmoja kwa kalamu na karatasi amvushe. Mvuvi alimshusha kwenye mwamba akageuza mashua mbio, akiuogopa ukungu. Selby akaona nyumba, na kwa adabu za mjini akaenda mlango wa mbele, akabisha hodi mara tatu.

Naye aliona nini? Aliona mwanamke anayempenda akimtazama usoni, kisha akifunga pazia. Akaelewa alivyoelewa. Hakubisha tena. Alikwenda kujikunja kwenye kibanda cha honi, na honi ile ikamlilia kichwani mpaka alfajiri.

Dulcie hakulala. Alikaa sakafuni nyuma ya mlango, mgongo kwenye mbao. Alijua sheria. Alijua pia chai ya mama yake ilivyokuwa ikipoa kila jioni kwa miaka kumi na saba. Kulipopambazuka akasikia hatua kwenye kokoto, taratibu, zikielekea gatini. Anaondoka, aliwaza. Akiondoka sasa ndiyo basi.

Bawaba zilikuwa zimeliwa na chumvi, na mlango ulimgomea. Aliusukuma kwa bega hadi ukafunguka kwa kelele.

"Selby!"

Mgongo mwekundu ukasimama.

"Selby Rideout, lile neno sikulitaka. Nakupenda, umesikia? Nililisema kwa hasira. Njoo, ingia ndani, unipeleke utakako."

Akageuka. Akapanda kilima pole pole, na Dulcie hakurudi nyuma hata hatua moja. Alifumba macho tu. Kisha mkono ukamgusa shavuni. Ulikuwa baridi, lakini ulitetemeka, na wafu hawatetemeki. Ulinuka dizeli na sabuni ya hospitali.

"Una unga," ikasema sauti kama mlio wa mlango wenye kutu, "usoni kote."

Dulcie akampiga kifuani kwa ngumi mbili, kisha akalikumbatia lile koti, akalia kwa sauti kubwa bila haya.

"Mbona ulipita mlango wa mbele, mpumbavu we?"

"Nipite wapi? Dirishani?"

"Jikoni! Kama watu!"

Alimketisha kando ya jiko, akamkaangia mkate wa unga ule uliolala, akaumwagia molasi. Selby alikula kwa shida, kila tonge likimkwaruza koo. Kati ya wale watatu alipatikana yeye tu; wenzake wawili hawakutoka, alinong'ona, na akawataja kwa majina. Bahari basi. Karatasi ya bandarini ameshaitia saini kwa mkono uliofungwa bendeji.

"Niolewe na mtu asiye na nyusi?" Dulcie aliuliza, kabla hajaulizwa.

"Zitaota. Utakubali?"

"Nakubali. Lakini ujue, nilikusemesha."

"Na kunisemesha kuna nini?"

Akamweleza yote: ishara, mama yake, mwaka. Selby akatabasamu kimjini, akamshika mkono. "Lakini mimi nilikuwa hai, laazizi."

"Nilipofungua mlango sikujua."

Tabasamu likamtoka polepole. Alimtazama mwanamke huyu mwenye unga kwenye nyusi, akaelewa alikuwa amekubali nini pale mlangoni. Akauweka mkate chini.

"Dulcie," alinong'ona mwishowe. "Pale sitahani moyo wangu ulisimama. Daktari alisema dakika nne nilikuwa maiti."

Honi ikalia, ikanyamaza.

"Kula mkate wako," alisema Dulcie.

Walioana Agosti, na sote tulikwenda, na viatu vya bwana harusi viliona tope. Sasa wanakaa mjini, juu ya duka la kinyozi, na tunawapigia simu kila Jumapili. Dulcie ana afya, amenenepa kidogo, anacheka kama zamani. Anasema alishafanya uamuzi wake mlangoni na haogopi. Lakini mwaka haujaisha; Juni bado haijafika. Na Selby, mtu wa mjini asiyeamini chochote, ameondoa kalenda ukutani kwa sababu alikuwa akiamka usiku kuisoma. Sasa anahesabu siku kichwani.