Kurasa za Bi Tafrani

"Mama, mbona umesimama? Karibu ukae."

Zuhura hakukaa. Alikuwa katikati ya sebule ya Twaha, mkoba bado begani, macho yameganda ukutani. Kurasa kumi na nane za katuni zilitundikwa pale, kila moja ndani ya fremu yake ya kioo. Katika kila ukurasa Bwana Zogo alikuwa anamkimbiza mkewe, Bi Tafrani, kwa mwiko, kwa ndala, kwa chochote kilichokuwa karibu.

Rahma, bintiye na mchumba wa Twaha, alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Alikuwa amezisoma zote tangu asubuhi, huku akisonga ugali. Kwa ukoo wao, tarehe ya harusi haitajwi mpaka mama wa binti aje aione nyumba na ale humo. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe, na Zuhura alikuwa ametoka Vuga alfajiri.

"Hizi umezitoa wapi, mwanangu?" akauliza Zuhura taratibu.

Twaha aliona amefunguliwa mlango. Ana duka la vifaa vya shule hapo Lushoto mjini, lakini ukitaka aongee mpaka akukere, mguse kwenye katuni.

"Hizi ni zenyewe, mama! Si za gazetini. Ni karatasi alizozichora marehemu Zube kwa mkono wake. Nimezikusanya miaka tisa. Ona hapa pembeni kaandika kwa penseli, tarehe, halafu 'mkono juu zaidi'. Na hakuna hata tone la rangi nyeupe! Wachoraji wote hukosea, wanafunika kwa rangi nyeupe na kuchora upya. Huyu hakosei. Ona Bi Tafrani anavyojikinga, utadhani mtu kweli."

"Hakosei," akarudia Zuhura.

"Hata kidogo, mama."

"Kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele yake."

Zuhura akauinua mkono wake wa kulia, ule uliopinda kidogo kwenye kifundo. Akauweka juu ya kichwa, kiwiko nje, vidole viwili vimeachana. Alikuwa ni Bi Tafrani yule yule wa ukutani. Rahma akaacha kucheka. Mkao ule aliujua. Mama yake hukaa hivyo kila mlango unapojibamiza kwa upepo, na wao nyumbani walizoea kumtania.

Alijua mama aliwahi kuolewa Muheza kabla ya kuolewa na baba yake. Zaidi ya hapo hakuwahi kuambiwa neno.

"Zube ndiye mume wangu wa kwanza," akasema Zuhura. "Akinipiga ananiambia tulia hivyo hivyo, anachora. Nikishusha mkono ananipiga tena ili nirudi palepale. Gazeti likitoka majirani wanacheka. Na mimi nilikuwa nacheka nao, wasijue."

Akauweka mkoba sawa, akatoka. Chakula kikabaki jikoni hakijaguswa.

"Zishushe," akasema Rahma.

"Rahma, nisikilize kwanza..."

"Ulijua?"

"Kuhusu mama, wallahi sikujua. Ila maneno niliyasikia. Kwenye kundi letu la wakusanyaji watu walisema alikuwa anapiga wanawake. Tukabishana wiki nzima. Nikawaambia mimi nakusanya wino, sikusanyi tabia za mtu. Ameshakufa. Karatasi zina kosa gani?"

"Twaha! Hiyo karatasi ni mama yangu!"

Twaha akakaa chini, akajishika kichwa.

"Baba yangu alinifundisha kusoma kwa hizi katuni," akasema kwa sauti ndogo. "Alikuwa anaigiza sauti ya Bi Tafrani mpaka nagaagaa kwa kicheko. Alikufa kabla sijamiliki simu, sina hata sauti yake. Nikisoma hizi, namsikia."

"Mimi nikizisoma kuanzia leo nitamsikia mama. Chagua utaishi na nani humu ndani."

Siku tatu zilizofuata Rahma alizimalizia Vuga, na yule mwanamke wa katuni alimfuata kila alikokwenda. Akimwona mama anaanua nguo, alimwona Bi Tafrani. Alimwona kwenye ukungu ulioshuka juu ya migomba, mkono kichwani, anasubiri. Rahma akaanza kufunga milango kwa mikono miwili, polepole, kama kuna mgonjwa ndani. Jamani, kuna vitu ukishavijua huwezi kuvirudisha vilikotoka.

Siku ya nne simu ikatetemeka. Ilikuwa picha ya majivu, na chini yake ujumbe:

"Nimezichoma zote. Wewe ndiye niliyekuchagua. Niombee msamaha kwa mama."

Rahma alikimbia hadi shambani, moyo mwepesi kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Mama! Twaha amezichoma! Zote!"

Zuhura akaiangalia ile picha. Kisha akakaa kwenye tuta la karoti na kulia kwa sauti, kilio ambacho Rahma hakuwahi kukisikia.

"Nani kamwambia achome? Nilimwambia mimi?"

"Mama, nilidhani utafurahi..."

"Nilirudi kwa wazazi mara mbili, mara mbili nikarudishwa kwake. Wakaambiwa nimeanguka ngazini. Nyumba yenyewe haikuwa na ngazi! Hakuna aliyeniamini, Rahma. Zile karatasi ndizo zilizoniona. Zina tarehe, kwa mkono wake mwenyewe. Sasa mimi nitabaki na nini?"

Rahma akapiga simu.

"Twaha, umemmaliza mama yangu. Ule ulikuwa ushahidi wake."

Upande wa pili Twaha akakohoa.

"Rahma... sikuzichoma."

"Unasemaje?"

"Nilichoma maboksi ya dukani. Zenyewe nimezificha darini."

Rahma alitamani kumtukana, na papo hapo alitamani kumkumbatia. Hasira ndiyo iliyowahi.

"Kwa hiyo ulitaka kunioa, nilale chini ya dari yenye mama yangu, na wewe unajua?"

"Ndiyo," akajibu. "Niliogopa kukukosa wewe, nikaogopa kumkosa baba."

"Zilete. Leo. Ukibakiza hata moja, usinipigie tena."

Twaha alifika na pikipiki kabla ya alasiri, kifurushi kimefungwa nailoni kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Zitandaze kwenye mkeka."

Zuhura akazipanga kwa tarehe, bila kusita, kama anayepanga watoto wake.

"Chukua kalamu ya wino. Mkono wangu hauandiki tangu uvunjike. Nitasema, wewe andika hapo pembeni."

"Mama, nikiandika juu ya..." Twaha akajishika mdomo. "Basi. Sema, mama."

"Hii, ni chumvi ilizidi. Nilikuwa na mimba ya miezi minne. Siku ya tatu ikatoka."

Rahma akafunika uso. Kumbe alikuwa na mkubwa wake, na watu walimcheka kabla hajazaliwa. Twaha akaandika, machozi yakidondokea mkekani.

Ukurasa wa saba ulimshinda Twaha kuugusa.

"Huu baba aliupenda kuliko yote," akasema.

"Alicheka?"

"Sana, mama."

"Hakujua. Wewe usimchukie baba yako. Andika hivyo hivyo, kwamba watu wema pia walicheka, bila kujua."

Walipofika wa mwisho, ule wa siku mkono ulipovunjika, kalamu ilimdondoka Twaha. Rahma akaiokota. Mama akasema, binti akaandika, na chini kabisa akaweka jina kamili la mama yake.

"Sasa nendeni mkazitundike," akasema Zuhura.

"Nyumbani kwangu, mama?" Twaha hakuamini.

"Mtu aje acheke kwanza, halafu asome pembeni. Mimi nimeshasema. Ila ule uongo wa majivu wewe ulimwambia Rahma, si mimi. Huo ni wake kuusamehe."

Akaingia ndani, akawaacha.

"Nilikudanganya," akasema Twaha.

"Ulinidanganya. Bado inauma, na itauma muda mrefu. Ukirudia, utanitafuta usinione."

"Sirudii."

Rahma akaanza kuzikusanya kurasa, moja moja. Wino wa pembeni ulikuwa haujakauka vizuri, akawa anaupuliza.

"Wenzangu wa kundi wakiziona," akasema Twaha, "watauliza ni nani kaziharibu."

"Waambie ni mke wako."