Moto wa Mshumaani

Watu wa milimani wana mambo yao, nasi watu wa bandarini tuna yetu. Balaa huanza tunapotembeleana. Jirani yangu Gesche alipata mgeni Novemba moja, mtoto wa dada yake, kijana mpole aitwaye Korbinian ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuiona bandari. Gesche akaniomba tumtembeze pamoja hapa Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani. Siku hiyo alikuwa na furaha, maana mumewe Hinnerk, baharia wa meli ya kubeba magogo, alikuwa njiani kutoka Finland na jioni angekuwa nyumbani. Supu yake ya njegere ilishapikwa.

Tulimpitisha Korbinian kwenye lango la kale, akacheka jinsi minara yake miwili ilivyoinama kama walevi wanaoegemeana. Tukayaona maghala ya chumvi, tukala halua ya lozi mpaka meno yakatuuma. Manyunyu hayakukoma. Mchana tukaingia kilabuni kwa Detlef, chini ya ardhi karibu na mto. Detlef ni mzee mwenye mdomo mchafu na roho safi.

"Gesche, leo umetuletea mbuzi wa milimani?"

"Mbuzi mwenyewe ana kiu, mzee," Korbinian akajibu, tukaangua kicheko.

Kisha akatoa sigara. Kiberiti chake kilikuwa kimelowa. Akauinamia mshumaa wa mezani, akavuta.

Kilabu kizima kikatugeukia.

Huku kwetu hata mtoto anajua: ukiwashia sigara kwenye mshumaa, baharia mmoja anakufa. Zamani mabaharia waliokosa kazi wakati wa barafu walichuuza viberiti, kwa hiyo anayewashia mshumaani anawanyima mkate, na bahari inamalizia. Gesche alimpiga Korbinian kofi mkononi, sigara ikaruka. Lakini moshi ulikuwa umeshamtoka puani.

"Nani kati yenu ana mtu baharini?" Detlef akauliza polepole.

Uso wa Gesche ulimjibu.

"Mamdogo, si mshumaa tu? Mnanitisha bure."

"Nyamaza, mwanangu. Nyamaza kabisa."

Detlef akachukua kiberiti juu ya kaunta. Kilikuwa na picha ya samaki aliyevaa kofia, nembo mpya ya kilabu chake. Viberiti hivyo alikuwa ameletewa asubuhi ileile. Akamtia Gesche mkononi. "Chukua. Moto wenu uwe huu tu."

Gesche akataka twende kanisa la mabaharia amwombee mumewe. Tulipofika, mchana ulikuwa umeanza kuaga, ndivyo Novemba yetu ilivyo. Ndani hapakuwa na mtu ila mmoja, ametugeuzia mgongo kwenye benchi la mbele, kando ya ile mashua ya uokozi iliyovunjika tunayowakumbukia waliozama. Alivaa koti la mpira. Maji yalikuwa yakimdondoka. Nilidhani ni mvua.

"Kijana," akasema bila kugeuka. "Naomba moto."

Korbinian akapapasa mifuko. "Samahani, mzee. Kiberiti changu kimelowa."

"Changu pia."

Tulisikia matone tu.

"Basi nipe ule wa mshumaani."

Korbinian akarudi nyuma hatua mbili. Mimi nilishika benchi. Niliogopa, sioni aibu kusema. Gesche ndiye aliyesogea. Aliona kiraka begani mwa lile koti, kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Alikishona mwenyewe.

"Hinnerk," akanong'ona. "Mbona umewahi?"

"Baridi, Gesche."

Gesche akawasha njiti. Ikazima. Akawasha nyingine. Ikazima. Iliyofuata ikashika. Akaikinga kwa kiganja, akamwashia. Sigara ikawa nyekundu. Moshi haukutoka.

Akamwekea kile kiberiti kiganjani, akamkunja vidole kimoja kimoja, taratibu, kama mama anayemvisha mtoto glavu.

"Rudi nacho nyumbani," akasema.

Kengele ya kanisa ikalia. Nilipepesa macho tu. Benchi lilikuwa tupu, na chini yake dimbwi.

Jioni supu ilikuwa bado mezani simu ilipolia. Wimbi lilikuwa limemzoa Hinnerk kwenye sitaha ya meli mchana ule, sisi tukiwa kwa Detlef. Wavuvi walimwopoa siku kadhaa baadaye, mbali sana na hapa. Nilimsindikiza Gesche kwenda kumtambua. Koti, buti, nywele, vyote vilikuwa maji matupu. Ngumi yake moja iliwashinda kuifungua. Gesche alipoigusa, ikafunguka yenyewe.

Ndani mlikuwa na kiberiti. Samaki na kofia yake. Kikavu kabisa.

Korbinian hajavuta tena tangu siku hiyo, wala hajarudi kwetu. Gesche amekiweka kiberiti jikoni, kando ya kikombe cha Hinnerk, na kila Novemba huniita nikitazame. Tunakifungua, tunatazama, tunakifunga.

Njiti zinapungua kila mwaka, ingawa hatuzigusi. Na Gesche havuti sigara.