Abiria Asiyeumwa na Umeme

Siku hiyo ya mvua trolibasi lilimuuma kila mtu isipokuwa abiria mmoja.

Lilikuwa Škoda 15Tr, lile refu la mabehewa mawili yaliyounganishwa kwa mpira wa mikunjo. Mabasi haya ya nyaya za juu yakizeeka huvujisha umeme kwenye bati wakati wa unyevu, na watu wa Zlín, mji wa Ucheki, wanajua: huweki mguu mmoja ngazini na mwingine chini. Unaruka kwa miguu yote miwili. Dereva, Drahomíra Vykydalová, alikuwa akiruka hivyo tangu ujana. Sasa magoti yalilalamika. Ilibaki Krismasi tu, kisha pensheni, kisha usingizi.

Kwenye kioo alimwona mzee wa koti la kijani akipanda taratibu, mguu baada ya mguu, mkono umeshika chuma. Hakushtuka hata kidogo. Aliketi nyuma ya kiungio, na pindo la kushoto la koti lake likachuruzika maji.

Tangu hapo akawa anapanda kila siku. Mvua ilikatika, barabara zikakauka, pindo halikukauka. Behewa la nyuma likaanza kunuka tope la bwawa, na abiria wakawa wanasongamana mbele bila kujua wanakimbia nini.

"Shangazi, umefuga vyura huko nyuma?" fundi Radovan alimtania karakanani.

"Nimekufuga wewe, inatosha. Tazama paa linavuja wapi."

Radovan alikagua. Paa halikuvuja.

Kituo cha mwisho, Vavřinec Hlobil aliuza samaki hai wa mlo wa Krismasi katika pipa. Basi lilipofika, samaki wote waligeuza vichwa kulielekea. Vavřinec akachungulia dirishani, akamvuta Drahomíra pembeni.

"Dada, huyo ni vodník," alinong'ona. "Jini wa maji, yule ambaye pindo lake la kushoto halikauki. Mfereji wake umefukiwa, hana makao."

"Sasa kwangu anataka nini?"

"Mtu wa kumpokea zamu. Amechoka."

"Amechoka! Na mimi je?"

"Shh! Usiseme hivyo akasikia. Mkaushe. Akikauka ataondoka. Ila atakachoacha usikiguse, hata kifungo."

Alasiri ya siku ya pili yake mvua ilirudi. Drahomíra aliwasha hita zote, akaendesha huku vioo vikifunga ukungu na harufu ya tope lililochemka ikimpanda kooni, na mpira wa kiungio ukivuta pumzi na kuishusha kila kona, ukivuta na kuishusha kama kifua cha mtu aliyelala, mpaka naye akahisi kope zinamwelemea na hakujua tena pumzi ipi ni yake.

Kituo cha mwisho kiti cha mzee kilikuwa kitupu.

Alishusha pumzi. Akapita behewa kwa behewa kuokota vilivyosahauliwa, kama alivyofanya kila mwisho wa safari maisha yake yote: mwavuli mmoja, glavu ya mtoto, koti. Akavitundika mkononi avipeleke ofisini. Kisha akashuka taratibu, mguu baada ya mguu, mkono umeshika chuma chenye maji, maana hakuwa na nguvu ya kuruka.

Vavřinec aliangusha wavu.

"Dada... basi halijakuuma?"

"Nini?"

"Na hilo koti?"

"La abiria," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesinzia. Matone yalianza kudondoka kutoka pindo la kushoto la sare yake.

Ndani ya pipa, samaki waligeuka kumtazama.