Siku ya Kuzoa Tope la Ndiva

Kila asubuhi kabla ya shule, Jenifer alipita kwa mama yake mkubwa, Namkunda, kumpelekea uji. Zamani Namkunda angemtania kwamba uji wenyewe mwepesi kama maji ya mfereji. Siku hizi alikunywa vijiko viwili tu, akageukia ukutani. Saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa inammaliza. Iligunduliwa ikiwa imekwisha kusambaa, na kilichobaki kilikuwa kumpunguzia maumivu, basi.

Asubuhi moja pembe ililia kijijini Bombo. Msaragambo, kazi ya kijiji kizima! Kila nyumba itoe watu wakazoe tope la ndiva, lile bwawa dogo la kumwagilia mashamba. Siku hiyohiyo wauguzi walikuwa zahanati wakipima wanawake saratani hiyohiyo.

"Mama, nesi alisema tuwakumbushe wazazi wetu," Jenifer alisema. "Kuanzia miaka thelathini."

Mama yake, Raheli, alikuwa anatafuta jembe. "Kwani mimi naumwa? Nikavuliwe nguo bure? Nisipoonekana ndivani watanisema mwaka mzima. Pita zahanati, mwambie nesi nimesafiri, nimeshuka Ndungu."

Njiani Jenifer aliyakariri maneno hayo: ameshuka Ndungu, ameshuka Ndungu. Lakini alipoingia zahanati, harufu ya dawa ilikuwa ileile ya chumbani kwa mama mkubwa.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Ame... Yuko ndivani, anazoa tope. Kaniambia niseme kasafiri." Machozi yakamtoka.

Nesi Faraja hakumgombeza. Alimshika mkono, wakapanda pamoja kilimani hadi ndivani, yeye na viatu vyake vyeupe.

"Nesi, umekuja kushika koleo?" mtu mmoja alipaza sauti. Watu wakacheka.

"Nimekuja kuchukua akina mama."

Kicheko kikakatika. Raheli alimkazia binti yake macho. "Umeniaibisha, wewe! Shemeji, mwambie nesi kazi haijaisha."

Shemeji huyo, msimamizi wa kazi, alikuwa mzee Zephania, mume wa Namkunda. Aliutazama ukuta wa ndiva.

"Shemeji, ukuta huu unavuja?"

"Hauvuji."

"Mbona tunaukagua kila mwaka?"

Raheli aliinamia jembe lake.

"Mwaka jana dada yako aliniomba ruhusa akapimwe, siku kama ya leo," Zephania alisema. "Nikamwambia, huumwi, shika jembe. Sasa mnajua alipo. Wekeni majembe chini, akina mama. Wanaume tutamaliza."

Raheli alipimwa miguu ikiwa bado na tope. Alikutwa na dalili za mwanzo kabisa, ambazo hazijawa saratani. Akatibiwa, akaambiwa arudi baada ya mwaka.

Namkunda alizikwa kabla mahindi hayajabeba.

Baada ya matanga, Jenifer alikuwa anaosha bakuli la uji la marehemu. Zephania akamwita.

"Mwanangu, bado unaogopa kwamba ulimwaibisha mama yako?"

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Usiogope. Ugonjwa ule hauji kwa kelele, ndiyo maana mtu hupimwa akiwa mzima. Na mkubwa akikutuma uongo, kataa kwa adabu. Ungeufikisha ule wa Ndungu, kaburi la mama yako mkubwa lisingekuwa la mwisho. Ningemzika na mdogo wake, mama yako."